Mwongozo kamili kwa mchungaji, padre na shehe: kupokea taarifa ya ukatili wa askari na kusimama imara wito wa polisi ukifika

Mara nyingi ni mama, na mara nyingi ni usiku. Anabisha hodi nyumbani kwa mchungaji saa mbili na nusu, baridi ya Juni imeshika, kajitanda kitenge juu ya sweta. Chini ya kitenge ana fundo. Mke wa mchungaji anamwekea chai, hainywi. Anafungua fundo mezani: shati la mwanawe, kola imekakamaa kwa damu, kifungo cha pili kimeng'oka na kipande cha kitambaa. "Baba mchungaji, wamempiga. Wanajeshi. Sina pengine pa kwenda."

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Mbeya, na ni msaidizi wa kisheria. Nimekaa na watumishi wa Mungu baada ya usiku kama huo, wengine wakiwa tayari na wito mfukoni. Mmoja simsahau. Alichoelezwa kilikuwa kweli kabisa, lakini kabla hakujapambazuka alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba "wanajeshi zaidi ya 20 wamevamia kijiji na kuua". Aliyemweleza alisema aliona wanne, na kijana alikuwa hai, wodini. Alipoitwa kuhojiwa akaulizwa hao 20 aliwahesabu nani. Hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena habari za mkono wa kijana uliovunjwa. Mazungumzo yote yakawa ya ile 20, na shauri la mama yule likafia hapo.

Naandika kwa ajili ya mama yule kwanza, kisha kwa ajili ya mtumishi atakayebishiwa hodi kesho, awe wa KKKT, Moravian, Katoliki, Anglikana, Pentekoste au wa msikitini. Kinga yako kubwa iko kwenye karatasi utakayoiandika saa ya kwanza, kabla hata hujamjua wakili.

Kwanza jua utaingiliwa mlango gani

Katika kesi za watumishi ninazozifahamu, sijaona aliyesomewa shtaka linaloitwa "kutangaza ukatili wa jeshi". Shtaka hutafutwa pembeni.

Rhodesia mwaka 1976, Askofu Donal Lamont wa Umtali, ambayo leo ni Mutare, alikuwa amelaani waziwazi ukatili wa vikosi vya serikali. Alichoshtakiwa nacho ni kutotoa taarifa kuhusu wapigania uhuru waliofika misheni kuomba dawa. Akahukumiwa miaka 10. Kifungo kilipunguzwa baada ya rufaa, na mwaka 1977 akafukuzwa nchini. Afrika Kusini, Askofu Mkuu Denis Hurley wa Durban alisema hadharani kwamba kikosi cha polisi kilichoitwa Koevoet kinatesa watu Namibia. Alishtakiwa mwaka 1984 chini ya Sheria ya Polisi, kwa kosa la kutangaza habari zisizo za kweli kuhusu polisi. Myanmar, wachungaji wawili wa Kibaptisti wa kabila la Kachin, Dumdaw Nawng Latt na Langjaw Gam Seng, waliwasaidia waandishi wa habari kufika kwenye kanisa Katoliki lililopigwa mabomu huko Mong Ko. Walikamatwa Desemba 2016, na Oktoba 2017 wakahukumiwa kwa kushirikiana na kundi lenye silaha. Mmoja wao aliongezewa miaka miwili kwa kulikashifu jeshi. Wa Kachin mwingine, Mchungaji Hkalam Samson, alieleza mateso ya watu wake mbele ya Rais wa Marekani Julai 2019. Ofisa wa jeshi alimfungulia malalamiko mahakamani, kisha yakaondolewa. Desemba 2022 alikamatwa uwanja wa ndege wa Mandalay, na Aprili 2023 akahukumiwa miaka 6. Aliachiwa Aprili 2024, akakamatwa tena ndani ya saa chache, na kuachiwa Julai mwaka huo.

Sasa tazama milango ya kwetu. Upo wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: kuchapisha habari za uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Upo wa uchochezi. Upo wa Sheria ya Usalama wa Taifa, hasa ukikutwa na picha za kambi au nyaraka za jeshi. Upo wa usajili: makanisa na taasisi nyingi za dini zimesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 2018, baada ya maaskofu wa KKKT kutoa waraka wa Pasaka, ilisambaa barua ya wizara ikiwataka waukanushe ndani ya siku 10. Waziri mwenyewe baadaye aliikana barua hiyo. Juni 2025 kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili siku chache baada ya yeye kukemea utekaji wa watu.

Upo pia mlango wa uraia, na sisi wa mpakani tuuangalie sana. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara aliwahi kuhojiwa na uhamiaji kuhusu uraia wake. Mtumishi wa Kyela mwenye shangazi Karonga, au wa Tunduma aliyezaliwa upande wa Nakonde kwa sababu zahanati ilikuwa karibu huko, atafute mapema cheti chake cha kuzaliwa na vya wazazi, na nakala azihifadhi nje ya nyumba.

Mlango wa mwisho ni fedha. Utakatishaji fedha ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana, pamoja na uhaini na ugaidi. Kwa hiyo ukichangisha nauli na dawa za majeruhi, kila shilingi iwe na stakabadhi, ipite kwenye akaunti ya usharika au parokia, isipite kwenye M-Pesa yako.

Saa ya kwanza: mtu, kisha mwili, kisha shati

Mpe mama chai na umwache aongee mpaka aishiwe. Usimkatize kwa maswali ya tarehe. Simu yako iwe chumba kingine.

Kama kijana ana jeraha, hospitali kwanza. Watu wetu wengi wanaamini daktari hawezi kukugusa bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, matokeo yake majeruhi analazwa kwenye benchi la kituo cha polisi akivuja damu. Mgonjwa wa dharura hutibiwa, fomu inafuata. Lakini PF3 muhimu ipatikane, kwa sababu ndiyo daktari atakayoijaza jeraha likiwa bado bichi, na ndiyo itakayosomwa mahakamani. Ikiwa mlalamikiwa ni mtu wa kituo kilekile cha karibu, nenda kituo kingine au ofisi ya wilaya, na usiende peke yako. Hakikisha unapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Daktari akishajaza, toa nakala kabla fomu haijarudi polisi. Nimeona mashauri yaliyokwama kwa kukosa nakala ya shilingi mia mbili.

Shati usilifue, na usilitie kwenye mfuko wa plastiki. Damu mbichi ndani ya plastiki inaoza, na pamoja nayo inaoza kila ambacho mkemia angeweza kukiona. Lianike kivulini ndani ya nyumba, juu ya karatasi safi. Likikauka lifunge kwenye bahasha ya kaki, andika juu yake nani kaleta, lini, nani kapokea, na wote wawili mtie sahihi kwenye mfuniko. Kuanzia hapo kila mkono unaoishika bahasha hiyo uandikwe.

Picha za majeraha zipigwe kwa ridhaa ya mwenye mwili. Moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu yenye rula au sarafu kando ya jeraha kuonyesha ukubwa. Picha hizo haziendi kwa mtu yeyote usiku huo, hata kwa mchungaji mwenzako unayemwamini kama ndugu.

Kuandika maelezo

Hapa ndipo naomba mtumishi akae nami kwa muda, maana kila kitu kingine kinasimama juu ya hili.

Chukua karatasi, ichore mistari miwili ya kushuka, upate safu tatu. Ya kwanza iandike *Nilichoona mimi*. Ya pili *Nilichoambiwa, na aliyeniambia*. Ya tatu *Nisichokijua*. Kwa yule mama, safu ya kwanza inaweza kuwa na mistari mitatu tu: mama alifika saa mbili na nusu usiku, shati jeupe lenye madoa ya rangi ya kahawia kwenye kola na bega la kushoto, kifungo cha pili hakipo. Hujaandika "damu" kwa sababu wewe si mkemia, wala hujaandika "kipigo" kwa sababu hukuwepo. Safu ya pili ndiyo ndefu: mama anasema alimkuta mwanawe kando ya mfereji wa umwagiliaji, saa kumi na moja jioni, anasema mwanawe alimwambia waliompiga walikuwa wanne. Ya tatu ndiyo watu wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke: sijui ni kikosi gani, sijui kama walikuwa na amri, sijui kilichotangulia.

Safu hiyo ya tatu ndiyo itakayokuokoa. Sheria ya Makosa ya Mtandao inamtafuta aliyechapisha habari *akijua* ni za uongo na akiwa na nia ya kupotosha. Mtu aliyeandika kwa mkono wake, usiku uleule, "hili sijalijua", ni vigumu kumwita mwongo wa makusudi.

Neno "wanajeshi" liangalie kwa makini. Kijijini kwetu kila mwenye buti na sare huitwa mwanajeshi. Anaweza kuwa wa JWTZ, kijana wa JKT, FFU, mgambo, au askari wa hifadhi na misitu, ambao sasa ni jeshi usu. Muulize shahidi alichokiona kwa macho: sare rangi gani, za mabaka au za rangi moja, kofia au bereti, buti au raba, gari la aina gani, namba zake zilianza na herufi zipi, waliitana kwa majina gani, waliongea lugha gani. Andika hivyo hivyo. Ukiandika jina la kikosi ambalo shahidi hakulitaja, umemtungia ushahidi, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo.

Andika kwa lugha yake. Kama mama anaongea Kisangu au Kinyakyusa, neno alilotumia liandike kama lilivyo, kisha tafsiri pembeni, na jina la aliyetafsiri. Bibi mmoja alitumia neno la kilugha lenye maana ya kuchapa kwa fimbo kama mtoto anavyochapwa. Karani akaandika "kuteswa". Mahakamani bibi akaulizwa, "Uliteswa?" Akajibu kwa unyofu, "Hapana, nilichapwa." Mmeona palipoharibika.

Ukimaliza, msomee yote, polepole. Akisema "hapo sivyo", kata neno kwa mstari mmoja, lenyewe libaki likisomeka, na uandike lililo sawa juu yake, wote wawili mtie alama. Usifute kwa wino mweupe. Kila ukurasa uwe na sahihi au dole gumba.

Kisha muulize maswali matatu ya ridhaa, moja moja. Unataka nitunze tu? Nipeleke bila jina lako? Nipeleke na jina lako? Jibu liandikwe, na umwambie wazi kwamba kesho anaweza kubadili mawazo. Kwa mtoto, awepo mzazi au mlezi, na ikiwezekana ofisa ustawi wa jamii.

Mapadre wangu, neno moja kwenu. Mtu akianza kusimulia haya ndani ya kitubio, muombeni kwa upole ayasimulie tena nje, ofisini, kwa hiari yake. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema siri ya kitubio haivunjwi, na mkishayapokea huko hamna la kufanya nayo. Na wote kwa pamoja mjue: Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inayalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake. Usiishi ukidhani kola yako inakupa ulinzi huohuo mbele ya hakimu.

Jingine kuhusu daftari. Sista Janice McLaughlin, Mmarekani aliyefanya kazi na Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki Rhodesia, alikuwa akikusanya taarifa za ukatili wa vikosi vya serikali. Mwaka 1977 polisi walipovamia, walilichukua na daftari lake binafsi, na mambo aliyokuwa amejiandikia moyoni mwake kuhusu vita yakageuzwa ushahidi dhidi yake. Akafukuzwa nchini. Hasira yako ni halali, mimi mwenyewe ninayo. Lakini ipeleke kwenye sala. Daftari la maelezo lisiwe na hata sentensi moja ya maoni yako kuhusu serikali, chama au uchaguzi.

Kutafuta shahidi wa pili

Shahidi mmoja anatosha kuanza, lakini si kutangaza. Tafuta mwingine ambaye hajakaa na wa kwanza kulinganisha hadithi, na umhoji mbali na wengine. Wakitofautiana katika mambo madogo, usiwapatanishe. Mashahidi wakweli hutofautiana kuhusu saa na rangi, na wanaofanana neno kwa neno ndio hakimu huwashuku.

Usisogee kambini. Usipige picha geti, gari wala mlinzi. Usiwaombe vijana wakufanyie hivyo.

Majina yana uzito kuliko idadi. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, ambavyo wazee wa Songea wanavikumbuka kwa sababu wakimbizi walipita mbele ya milango yao, askari wa Ureno waliua watu wa Wiriyamu, mkoa wa Tete, Desemba 1972. Mapadre waliokuwa eneo lile walikusanya orodha ya waliouawa, jina kwa jina. Padre Adrian Hastings alipoitoa habari hiyo kwenye gazeti la London Julai 1973, Ureno ilikana hata kuwepo kwa kijiji hicho. Orodha ya majina ilikuwa ngumu kuikana. Bei ililipwa: mapadre wawili Wahispania, Alfonso Valverde na Martín Hernández, waliotoa taarifa za mauaji ya awali ya Mucumbura, walikuwa wamewekwa ndani tangu Januari 1972, nao hawakuachiwa mpaka Novemba 1973.

Kutunza

Nakala mbili, sehemu mbili. Maelezo yabebe namba badala ya jina, na karatasi inayofunua namba fulani ni ya nani ikae mahali pengine kabisa. Kabati la vitabu vya ubatizo ndilo la kwanza kufunguliwa, kwa hiyo siyo hapo.

Simu ni mdomo usiofungwa. WhatsApp huhifadhi picha kwenye albamu yako na kupeleka akiba kwenye akaunti ya Google bila kukuuliza kila mara. Zima hayo. Weka namba ya siri badala ya alama ya kidole. Usitunze usichokihitaji. Chile, wakati wa utawala wa kijeshi wa Pinochet, ofisi ya Kanisa ya kutetea waathirika ilikuwa na mafaili ya watu waliotibiwa huko. Mwendesha mashtaka wa jeshi alipoyataka mwaka 1989, Askofu Sergio Valech alikataa kuyatoa. Si kila mmoja wetu atakuwa na mgongo wa askofu. Faili ambalo halipo haliwezi kuchukuliwa.

Kuwasilisha

Usiwasilishe kama mtu binafsi. Kabla barua haijatoka, mkuu wako wa kanisa ajue: mkuu wa jimbo, dekano, mwenyekiti wa Moravian, shehe wa wilaya. Barua ibebe nembo ya taasisi na sahihi zaidi ya moja. Jirani zetu Malawi walituonyesha. Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992 waraka wa maaskofu wote Wakatoliki ulisomwa siku moja katika makanisa ya nchi nzima, wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Maaskofu waliitwa na polisi Blantyre wakahojiwa, waraka ukatangazwa kuwa wa uchochezi, na Monsinyori John Roche, aliyekuwa akisimamia jimbo la Mzuzu, akafukuzwa nchini. Lakini hapakuwa na mtu mmoja wa kumtenga na kumnyamazisha kimyakimya, na waumini walikuwa wameshasikia.

Lugha ya barua iombe uchunguzi, isitoe hukumu. "Tumepokea maelezo ya watu watatu wanaodai kwamba..." "Tunaomba tukio hili lichunguzwe na tujulishwe matokeo." Kesi ya Askofu Mkuu Hurley ilikufa Februari 1985 pale upande wa mashtaka ulipoiondoa: maneno aliyoshtakiwa nayo hayakuwa yamenukuliwa sawasawa. Basi hotuba na mahojiano yako yote yawe na kumbukumbu yako mwenyewe, ya sauti au ya maandishi.

Pa kupeleka pako pengi, na pana tofauti. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imeundwa na Katiba yenyewe, ibara ya 129, na kazi yake ni kupokea malalamiko ya aina hii. Peleka kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kamanda wa Polisi wa Mkoa hupelekewa pale panapodaiwa kosa la jinai. Mkuu wa Wilaya ukimpelekea, kumbuka ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Ukimwandikia yeye umewaandikia wote wanaokaa naye mezani. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Haimlindi aliyeirusha kwenye mtandao. Sababu hiyo peke yake inatosha kukufanya uandike barua kabla ya kuandika chochote Facebook.

Kama kuna mtu amechukuliwa na hajulikani alipo, usisubiri barua zijibiwe. Wakili anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu, Mbeya au Iringa, ili waliomshikilia waamriwe kumleta. Mtafute wakili siku hiyohiyo.

Kuna njia ambazo watu wetu wamezipita na zikazaa. Mwaka 2023 wanavijiji waliokuwa wakiishi kando ya Hifadhi ya Ruaha, huko Mbarali, walilalamika kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia kuhusu REGROW, mradi wa hifadhi na utalii wa dola milioni 150 uliolipiwa na Benki hiyo, wakidai ukatili wa askari wa hifadhi. Waliomba majina yao yafichwe, yakafichwa. Aprili 2024 Benki ilisimamisha fedha, na Novemba 2024 mradi ukafutwa. Ukiona bango la mradi mahali tukio lilipotokea, soma nani anaulipia.

Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha imefungwa kwa mwananchi mmoja mmoja wa kwetu tangu Tanzania ilipoondoa tamko lake la kuwaruhusu wananchi kushtaki huko moja kwa moja. Taarifa ya kuliondoa ilitolewa Novemba 2019. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo wazi, lakini muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu tangu tukio au tangu ulijue. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uitwao wa Banjul, una Tume yake nchini Gambia, nayo bado inapokea malalamiko.

Mimbarani, ombeni kwa ajili ya walioumizwa. Majina ya watuhumiwa yasitajwe.

Wito ukifika

Utakuja kwa simu mara nyingi: "Mchungaji, pita ofisini tuongee kidogo." Jibu kwa heshima: "Ndiyo afande, nitakuja. Naomba wito wa maandishi, na nijue naitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa." Tofauti ni kubwa. Shahidi huandikwa maelezo ya shahidi. Mtuhumiwa huandikwa maelezo ya onyo, na yana kanuni zake. Wito ukiwa halali, nenda. Kujificha kunakuharibia.

Kabla ya kutoka nyumbani: kula, meza dawa zako za presha, acha simu yenye mawasiliano ya mashahidi, beba kitambulisho cha NIDA, mweleze mkeo au katibu wa parokia umekwenda kituo gani na saa ngapi. Nenda na wakili. Usipokuwa na uwezo, Chama cha Mawakili Tanganyika kina uwakilishi Mbeya na Iringa, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu husaidia, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka wasaidizi wa kisheria wilayani. Namba zao ziwe kwenye karatasi mfukoni, maana simu inaweza kuchukuliwa.

Ndani, una haki ya kuambiwa kosa lako, kuwasiliana na wakili au ndugu, na kunyamaza. Mahojiano ya aliye chini ya ulinzi yana saa 4 za msingi, nazo zinaweza kuongezwa kwa utaratibu. Aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Taja jina lako, kazi yako, anwani. Ukiulizwa nani alikuambia, jibu lifaalo ni hili: "Nitajibu nikiwa na wakili wangu." Usidanganye. Mtumishi akikutwa na uongo mmoja mdogo, hata ukweli wake mkubwa hauaminiki tena.

Maelezo yakiandikwa, yasome yote kabla ya sahihi. Usiweke sahihi kwenye karatasi tupu, wala penye nafasi iliyoachwa. Piga mstari kwenye nafasi hiyo. Kama limeandikwa neno ambalo si lako, omba lirekebishwe, na wakikataa andika mwenyewe chini: "Sikubaliani na mstari wa 6."

Dhamana ya polisi haina malipo. Waandae wadhamini wawili mapema, wenye barua za mtendaji na vitambulisho. Usiwatumie wazee wa kanisa wote. Watakaobaki nje ndio watakaoendesha ibada.

Wakija kupekua, omba kuona hati ya upekuzi, na kwa kawaida hati hiyo hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji awepo. Kila kinachochukuliwa kiandikwe kwenye hati ya ukamataji mali, simu iandikwe na namba yake ya IMEI, na ubaki na nakala. Usizuie kwa mwili, na usiwapigie vijana wa kwaya waje kuzingira nyumba. Likirushwa jiwe moja, utakuwa na kesi nyingine kabisa.

Waumini waambiwe ukweli siku hiyohiyo, na kiongozi mmoja aliyeteuliwa, kwa maneno machache yaliyoandikwa. Uvumi ukitangulia, kuna watakaokukana na kuna watakaotaka kuandamana, na wote watakuumiza.

Mama anasubiri

Katika hekaheka za wito, wakili na dhamana, aliyekuja usiku husahaulika. Ndani ya juma la kwanza tuma mwinjilisti au mama wa kikundi, si wewe, akamjulie hali kama anavyowajulia wagonjwa wengine. Apeleke unga na sukari kama kawaida ya kutembelea mgonjwa, akae, asiulize chochote mbele ya majirani. Aulize kama kuna aliyefika pale tangu siku ile, kama kijana ana dawa, kama anaogopa kulala hapo. Akisema anaogopa, kuna usharika Makete, kuna misheni Tosamaganga, kuna ndugu Tukuyu. Apelekwe kama mtu anayekwenda kumtembelea dada yake, kwa basi la asubuhi.

Kisha mwambie mambo yamefika wapi, hata kama ni kwamba barua imegongwa muhuri tu na haijajibiwa. Onyesha nakala yenye muhuri. Msomee tena.

Shati lake bado liko kwenye bahasha. Mwambie liko salama, na kwamba litarudi mikononi mwake shauri likiisha, kama bado atalitaka.